Kukatika pumzi usingizini na mashine ya CPAP: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyeambiwa hospitalini kwamba pumzi yake hukatika akiwa usingizini, akaandikiwa mashine ya CPAP (mashine inayosukuma hewa kwenye koo kupitia barakoa; wengi huitamka "sipapu"), na sasa hajui kama ataiweza. Ni wa mwenzake wa chumbani pia, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyeugundua ugonjwa. Sisi tunaowafundisha wagonjwa hawa tunaona jambo moja likijirudia: wengi wanaoiacha mashine si wavivu wala wakaidi. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza, na tatizo dogo la wiki ya kwanza likakosa wa kulitatua.

Nimekoroma tangu ujana. Kwa nini leo iwe ugonjwa?

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Ugonjwa ni pale mkoromo unapokatika ghafla, kimya kikatanda, kisha mtu akashtuka kwa kukoroma kwa nguvu au kama aliyepaliwa.

Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi haina mfupa wa kuishikilia. Inakaa wazi kwa nguvu ya misuli. Usingizi ukiingia, misuli hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba, iwe kwa unene wa shingo, mafindofindo makubwa, taya lililorudi nyuma au umbile tu la kuzaliwa, kuta za koo hugusana na hewa hukwama. Kifua kinaendelea kuhangaika lakini hakuna kinachopita. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka, misuli inakaza, hewa inaingia, na usingizi unarudi. Dakika moja au mbili baadaye mambo ni yaleyale, mpaka asubuhi. Mtu kama huyo analala saa nane na kuamka na kichwa kizito, mdomo mkavu na uchovu wa aliyekesha.

Imani kwamba anayekoroma amelala usingizi mnono imewachelewesha watu wengi kwenda hospitali. Na si ugonjwa wa wachache: makadirio yaliyochapishwa 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalifikia karibu watu wazima milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69.

Mimi mbona sisikii chochote usiku?

Ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Kule kushtuka ni kwa sekunde chache tu, hakubaki kwenye kumbukumbu. Asubuhi utaapa kwamba hukuamka hata mara moja, na utakuwa unasema kweli kadiri unavyojua.

Mwulize unayelala naye chumba kimoja. Bora zaidi, mwombe akurekodi kwa simu dakika chache ukiwa umelala chali, kifua na uso vionekane. Video hiyo ipeleke kwa daktari. Wapo wagonjwa waliobishana na wake zao miaka mingi, wakaacha kubisha baada ya kujiona wenyewe kwenye simu.

Bibi anasema ni jinamizi. Je, si kweli?

Anachokiita bibi jinamizi kwa kawaida ni kitu kingine: unaamka ukiwa na akili zako, unaona chumba, lakini mwili hauinuki na kifua kinahisi kukandamizwa. Hali hiyo hupita yenyewe, na mwenye kupatwa nayo huikumbuka vizuri. Anayekatika pumzi mara nyingi hakumbuki lolote. Wanaoogopa ni wanaomtazama. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Kama nyumbani mmezoea kusoma dua kabla ya kulala, endeleeni, na kipimo mkakifanye.

Kipimo kinafanywaje, na ile namba niliyopewa ina maana gani?

Unalala usiku mmoja ukiwa na vifaa vinavyosoma pumzi puani, mwendo wa kifua, mapigo ya moyo na oksijeni kwa kibanio cha kidoleni. Kingine hufanyika hospitalini na nyaya za kichwani juu yake, kingine unakwenda nacho nyumbani. Hakuna sindano wala dawa.

Majibu yanahesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua sana, kwa angalau sekunde 10 kila mara. Kwa mtu mzima, 5 hadi chini ya 15 ni hali nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ni ya kati, 30 na kuendelea ni kali. Uliza pia oksijeni yako ilishuka mpaka wapi. Wengine wana namba ya kati lakini oksijeni inaporomoka vibaya, na hao hawafai kusubiri.

Mashine inanipa oksijeni?

Hapana. Inavuta hewa ya chumbani kwako, inaichuja na kuisukuma kwa shinikizo dogo kupitia mpira mpaka kwenye barakoa. Shinikizo hilo ndilo linalozuia kuta za koo zisigusane. Unavuta na kutoa pumzi mwenyewe kama kawaida. Mashine haipumui kwa niaba yako, na kuitumia hakumaanishi kwamba uko mahututi.

Tiba hii ilianza Sydney, Australia, ambako Colin Sullivan na wenzake walichapisha matokeo yao ya kwanza mwaka 1981. Kabla ya hapo, tiba ya uhakika kwa aliyezidiwa ilikuwa kutobolewa koo ili apumulie hapo.

Nitaivaa maisha yangu yote?

Kwa wengi, ndiyo, kwa muda mrefu. Ni kama miwani: inafanya kazi ikiwa imevaliwa. Ukilala bila hiyo, koo linarudi kwenye tabia yake usiku huohuo. Lakini si kifungo. Mwili ukibadilika, hasa uzito ukipungua sana, unapimwa upya na mashine inaweza kupunguzwa nguvu au kuondolewa kabisa.

Nikiivaa nahisi nakosa hewa. Ninaogopa kufunikwa uso.

Hili ndilo swali tunaloliheshimu kuliko yote, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapoivua na kutoirudia. Hofu hiyo ni ya kweli. Kumwambia mtu "jikaze tu" hakumsaidii.

Kwanza, usiianze usiku. Kaa kitini mchana, washa mashine, shika barakoa kwa mkono bila kufunga mikanda, iguse pua. Funga mdomo, vuta kwa pua. Ukitaka kuitoa, itoe. Mkono ni wako. Rudia mpaka mapigo ya moyo yatulie. Siku nyingine funga mikanda na uangalie taarifa ya habari mpaka mwisho. Kisha jilaze nayo alasiri, hata kama hutapata usingizi. Usiku uwe hatua ya mwisho. Wapo wanaomaliza hatua hizi siku mbili, wapo wanaochukua wiki mbili, na wote wanafika.

Pili, hakikisha mdomo umefungwa ukiwa na barakoa ya pua. Ukiufungua, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni kwa kasi, na hiyo humtisha mtu asiyejua kinachotokea.

Tatu, hisia ya kukosa hewa wakati mwingine inatokana na mashine kuanza chini mno. Nyingi zina mpangilio wa kupandisha shinikizo taratibu, zikianzia 4 kwenye kipimo cha mashine. Kwa mtu mwenye kifua kipana, 4 ni kidogo kweli. Mwambie fundi au muuguzi aanzishe juu kidogo. Ni marekebisho ya dakika moja, na yamewaokoa wengi waliokuwa wameshakata tamaa.

Umeme ukikatika nikiwa nimelala, si nitakufa kwa kukosa hewa?

Hapana. Barakoa zina matundu ya kutolea hewa, na zile zinazofunika pua na mdomo zina vali inayofunguka mashine ikizima ili uvute hewa ya chumbani. Wengi huamka kwa joto la uso, wanaivua, wanaendelea kulala. Pumzi itakatika kama ilivyokuwa ikikatika zamani, basi.

Kama kwenu umeme unakatika mara kwa mara, ulizia betri ya akiba iliyotengenezwa kwa mashine yako. Ukizima kipasha maji, kile kinachotia unyevu kwenye hewa, mashine hutumia umeme kidogo na betri hukaa zaidi. Na kwa kuwa umeme wetu hurudi kwa kishindo, chomeka kwenye stabilaiza.

Barakoa inavuja na kuniachia alama usoni.

Karibu kila mtu hukimbilia kukaza mikanda, na kukaza ndiko kunakozidisha kuvuja. Ule mpira laini unaogusa uso unatakiwa ujae hewa; ukiubana unakunjamana.

Fanya hivi. Lala kama unavyolala usiku, kwa sababu uso wa aliyelala si uso wa aliyesimama mbele ya kioo. Washa mashine. Shika barakoa, ivute mbele kidogo itengane na ngozi, iache irudi taratibu. Halafu rekebisha mikanda, ya juu kwanza, ya chini baadaye, mpaka vidole viwili vipite chini yake bila shida. Geuka ubavu, sikiliza. Ukisikia hewa inapuliza machoni, vuta tena mbele na uiache irudi kabla hujagusa mkanda.

Osha uso kabla ya kulala na usipake mafuta mahali barakoa inapokaa. Mafuta hufanya iteleze. Mwenye ndevu nyingi atapata nafuu kwa ile ya vipulizi vidogo vya puani. Mwenye nywele za kusuka aijaribu akiwa amesuka, kwa sababu mikanda iliyopimwa kwenye nywele fupi haitatosha. Anayelala na kitambaa kichwani anaweza kuivaa juu ya kitambaa laini kisicho na fundo nyuma.

Ukiona kidonda juu ya mfupa wa pua, hiyo ni saizi au aina isiyokufaa. Irudishe ibadilishwe. Usivumilie.

Mdomo unakauka, pua inaziba, tumbo linajaa gesi.

Mdomo ukikauka, mara nyingi unaufungua usingizini, na mara nyingi unaufungua kwa sababu pua imeziba. Tibu pua: maji ya chumvi ya kusafishia pua kutoka duka la dawa, na kama una mzio, dawa ya kupuliza aliyokuandikia daktari. Ikishindikana, hamia barakoa inayofunika pua na mdomo. Tumbo likijaa gesi, unameza hewa. Toa taarifa kliniki, shinikizo linaweza kupunguzwa au kupangwa lijirekebishe lenyewe.

Usibadilishe shinikizo mwenyewe kwa kufuata video za mtandaoni.

Nivae saa ngapi?

Saa zote za kulala. Kuna kipimo cha saa 4 kwa usiku, angalau usiku 7 kati ya 10, kinachotumiwa na bima za Marekani na kliniki nyingi. Hicho ni kiwango cha chini cha kuhesabu kwamba mtu anaitumia, si kiwango cha kupona. Usingizi wa ndoto, ambapo pumzi hukatika zaidi kwa wengi, unarundikana alfajiri, kwa hiyo anayeivua saa tisa usiku anaondoa kinga wakati anaihitaji zaidi. Lakini kama sasa unafikisha saa mbili, hizo mbili ni mwanzo wa kweli. Ongeza nusu saa.

Siku za kwanza zina uzito. Mazoea ya kuivaa au kutoivaa hujijenga ndani ya wiki ya kwanza. Usisubiri miadi ya mwezi ujao. Piga simu kliniki siku ya tatu, hata kama unadhani shida yako ni ndogo. Tathmini ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, ilionyesha kwamba wagonjwa wanaoelimishwa na kufuatiliwa huivaa muda mrefu zaidi kila usiku kuliko wanaokabidhiwa mashine na kuachwa. Hospitali inayouza mashine bila kukupa mtu wa kumpigia imefanya nusu ya kazi, na una haki ya kudai nusu iliyobaki.

Nitaivaaje mbele ya mke wangu, au mume wangu?

Watu huuliza hili kwa sauti ya chini, mlangoni, wakiwa wameshaaga. Mahaba hayahitaji mashine. Iwashwe baadaye, wakati wa kulala. Na mwenzako amekuwa akilala nusu usingizi miaka yote, akikusikiliza kama pumzi itarudi, au amehamia chumba cha watoto. Sauti ya mashine isiyo na hitilafu ni mvumo mdogo, chini sana kuliko mkoromo wako.

Njoo naye kliniki. Mume anayefahamu jinsi barakoa inavyokaa atamrekebishia mkewe gizani bila ugomvi. Asigeuke polisi, akihesabu saa na kukemea. Neno kama "baba Salma, jana ulilala kimya mpaka asubuhi" lina nguvu kuliko lawama zozote.

Chandarua je?

Weka mashine nje ya chandarua, kwenye meza iliyo chini kidogo ya usawa wa godoro, ili maji yasiteremke kwenye mpira. Pitisha mpira chini ya pindo, kisha chomeka pindo chini ya godoro pande zote mbili za mpira. Angalia kitambaa kisifunike sehemu ya mashine inayovuta hewa. Usiache chandarua wazi kwa ajili ya mashine, malaria haisubiri.

Maji gani niweke?

Maji yaliyosafishwa kwa mvuke, ya duka la dawa. Usitumie maji ya betri, kwa sababu baadhi ya chupa zinazoitwa hivyo zina tindikali. Ukikosa kabisa, weka yaliyochemshwa na kupoa, uyamwage kila asubuhi. Yataacha ukoko mweupe, ambao siki iliyochanganywa na maji huutoa. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, hewa yenyewe ina unyevu mwingi, na baadhi ya watu hawahitaji kipasha maji. Jaribu bila hicho, pua ikikauka ukirudishe.

Sehemu ya barakoa inayogusa ngozi ioshwe kila siku kwa sabuni laini, mpira na chombo cha maji kila wiki, na vianikwe kivulini. Kichujio kikaguliwe mara nyingi zaidi kama unaishi kando ya barabara ya vumbi.

Shangazi aliyeko ughaibuni ameniletea mashine iliyotumika. Niitumie?

Inawezekana, kwa masharti. Barakoa, mpira na vichujio viwe vipya. Soma kibandiko cha adapta: kama kimeandikwa 100–240V itafaa umeme wetu. Shinikizo lipangwe upya kwa kipimo chako, maana lile lilikuwa la mtu mwingine. Na uangalie chapa na namba ya mashine: Juni 2021 Philips iliita irudishwe mamilioni ya mashine kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza sauti ilikuwa ikichakaa na kumomonyoka, na baadhi bado ziko mikononi mwa watu.

Wakati wa Ramadhani?

Usiku hakuna tatizo. Anayesahaulika ni yule anayeamka kula daku, akaswali alfajiri, kisha akarudi kulala bila mashine. Ivae tena. Kwa usingizi wa mchana, hewa kavu ni ileile ya chumbani. Kama una wasiwasi na mvuke, zima sehemu ya maji na umwulize sheikh wako.

Hakuna njia nyingine?

Zipo, na daktari mwema atakutajia bila kuulizwa. Utafiti wa muda mrefu wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kupungua asilimia 10 ya uzito kuliambatana na kushuka kwa robo hivi ya idadi ya kukatika pumzi. Hali nyepesi au ya kati inaweza kutulia kwa kulala ubavu, au kwa kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, kilichopimwa na daktari wa meno. Upasuaji huwafaa waliochaguliwa vizuri. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya tirzepatide kwa watu wazima wenye unene uliokithiri na hali ya kati au kali. Inafanya kazi kwa kupunguza uzito, na bei yake bado ni mzigo.

Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi. Kwa hili hatuzunguki: usinywe karibu na kulala.

Itanikinga na kiharusi na ugonjwa wa moyo?

Tukuambie ukweli. Inapunguza usingizi wa mchana na kuboresha hisia za mtu, furaha na subira yake, na hilo lina ushahidi wa kutosha. Presha inashuka, ila kidogo kwa wastani. Kuhusu kiharusi na mshtuko wa moyo, utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa 2016 kwa wagonjwa 2,717 waliokuwa tayari na magonjwa ya moyo au ubongo, haukuona tofauti. Waliivaa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Endelea na dawa zako za presha na kisukari.

Mimi ni dereva. Nikisema, si nitapoteza kazi?

Hofu hiyo tunaielewa. Ada za shule zinatokana na usukani huo. Lakini kama unasinzia kwenye taa za barabarani, au umefika mahali hukumbuki umepitaje njiani, usiendeshe mpaka utibiwe. Basi la usiku lina watu zaidi ya hamsini. Mwenye habari njema ni wewe, kwa kuwa ugonjwa huu unatibika na kusinzia huweza kupungua ndani ya siku chache za kuivaa vizuri.

Mtoto wangu anakoroma na kulala mdomo wazi.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kwa watoto sababu kubwa ni mafindofindo na nyama za pua, na kuziondoa mara nyingi kunatosha.

Nimeiweka kabatini tangu mwaka jana. Naona aibu kurudi kliniki.

Rudi. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza omba kuhudumiwa na mwingine. Beba mashine yenyewe, waya wake na barakoa, hata kama vina vumbi. Ndani yake mna kumbukumbu ya kila usiku ulioitumia: saa, uvujaji, pumzi zilizobaki kukatika. Kumbukumbu hiyo itatuonyesha uliivua saa ngapi na kwa nini. Badilisha kichujio, osha mpira, na usiiwashe kwa mara ya kwanza usiku. Kaa kitini mchana, shika barakoa kwa mkono, uanze pale.